Kisima Huanza Kuzibwa Siku Kinapochimbwa

Hotuba iliyotolewa kwenye mahafali ya mafundi na wakaguzi wa visima vya mafuta na gesi. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya ambao hawakuweza kufika.

Mwenyekiti wa mahafali, wakufunzi, wazazi na walezi, na ninyi wahitimu ambao leo ndiyo siku yenu: nawasalimu.

Nimeombwa niseme kuhusu kuziba visima. Nimekubali, ila nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu anayesubiri kisima kizeeke ndipo afikirie kukiziba ameshachelewa. Kisima cha mafuta au gesi huanza kuzibwa siku kinapochimbwa. Nitalirudia hilo mpaka mchoke, na mkichoka nitalirudia tena.

Wazazi wetu mliokaa huku mbele, msiogope, hesabu zitakuwa chache. Hivi kisima ni nini kwa macho ya anayekijenga? Ni tundu jembamba lenye urefu wa kilomita kadhaa, na huko chini upana wake mara nyingi ni inchi nane na nusu tu. Tundu hilo limetoboa tabaka ambazo hazikuwahi kukutana kwa mamilioni ya miaka: maji matamu juu, maji ya chumvi yanafuata, gesi hapa, mafuta pale. Kilichozitenganisha ni mwamba usiopenyeka. Tumekuja sisi na keekee, tukautoboa. Kazi yote inayofuata, iwe ya kuchimba, ya kukagua au ya kuziba, ni kurudisha kile tulichokiondoa.

Swali la kwanza. Tundu likiwa bado wazi, kitu gani kinaizuia gesi isipande? Si ule mnara mnaouona kwenye picha. Si zile vali nzito zilizopangwa kwenye mdomo wa kisima. Ni tope! Maji, udongo wa bentonaiti na unga mzito wa baraiti. Linasukumwa na pampu ndani ya bomba la kuchimbia, linatokea kwenye keekee, linapanda hadi juu likiwa limebeba vipande vya mwamba. Linapoza keekee, linasafisha tundu, lakini kazi yake kubwa ni kuwa zito.

Zito kiasi gani? Katika kina cha mita 3,000, maji matupu yanakandamiza kwa bar 294 hivi, bar ikiwa ni kipimo cha presha. Kama tabaka la gesi huko lina bar 350, maji hayaliwezi, gesi itaingia. Ongeza baraiti mpaka lita moja ya tope ifike kilo 1.25, utapata bar 368. Umelishika. Sasa kuna anayejiuliza hapo nyuma: si tuongeze tu mpaka kilo mbili, tulale usingizi? Thubutu! Tope likizidi uzito linapasua mwamba dhaifu, linakimbilia kwenye nyufa, kimo chake kinashuka tunduni, na ile gesi uliyokuwa unaikwepa inapata njia. Mchimbaji anapita katikati ya hatari hizo mbili, na upana wa njia yake unabadilika kila anapozidi kushuka.

Ndiyo maana mtu wa zamu makini macho yake yako kwenye tangi la tope. Linalorudi likizidi linaloingia, kuna kitu kimeingia huko chini. Unasimamisha pampu, unachukua tochi, unakwenda kwenye mfereji wa kurudishia, unatazama. Pampu zimezimwa, na tope bado linatiririka? Usiitishe kikao. Usimpigie mtu simu. Funga kisima, maelezo yatafuata. Lita moja ya gesi iliyoingia kwa bar 350, ikiachwa ipande yenyewe, itafika juu imetanuka mara mamia, na sehemu kubwa ya kutanuka huko inatokea mwishoni, karibu na uso wa ardhi, muda ukiwa umeshakuishia.

Mnakumbuka habari za Spindletop? Tarehe 10 Januari 1901, karibu na mji wa Beaumont, Texas. Wachimbaji walikuwa wamesumbuliwa na mchanga unaobomokea tunduni, maji hayakuuzuia, wakajaribu tope. Simulizi za huko zinasema waliswaga ng'ombe kwenye dimbwi wakalikanyaga mpaka likawa zito. Mchanga ukatulia, na hilo tu ndilo walilokuwa wakilitaka. Nani aliupima uzito wa tope lile dhidi ya presha ya chini? Hakuna. Elimu hiyo haikuwapo. Asubuhi ile walikuwa wakirudisha bomba tunduni, tope likaanza kububujika, mabomba yakarushwa nje, kisha mafuta yakapita juu ya mnara. Mapipa 100,000 hivi kwa siku, kwa siku tisa, ndipo yakafungwa. Picha yake imetundikwa kwenye ofisi nyingi kama picha ya ushindi. Mimi kila nikiitazama naona kisima kilichokosa wa kukifunga. Ilipita miaka 20 na zaidi, mpaka 1922, ndipo James Abercrombie na Harry Cameron wakabuni kifaa cha kubana bomba na kuufunga mdomo wa kisima presha ikiwa inapanda. Vifaa vya leo ni wajukuu wa kile.

Lakini tope ni la muda. Tope linaondoka. Kinachobaki ni chuma na saruji.

Tunachimba kipande, tunashusha bomba la chuma tunaloliita kesingi, tunaliwekea saruji, halafu tunachimba kipande kingine chembamba zaidi na kushusha kesingi nyingine ndani ya ile ya kwanza. Hapa naomba mtulie, maana mengi niliyokuja kusema yako hapa. Saruji ya kesingi haimwagwi kutoka juu. Inasukumwa kupitia ndani ya bomba, inafika chini kabisa, inageuka, inapanda kwa nje, kati ya chuma na mwamba, kwenye nafasi ambayo pengine haizidi upana wa vidole viwili. Hakuna jicho linaloiona. Kesingi ikiegemea upande mmoja, saruji inafuata upande mpana, na upande mwembamba linabaki tope. Saruji inaganda, tope haligandi. Miaka inapita, tope linakauka na kunywea, na gesi imepata kichochoro.

Kuna vyuma tunaivisha kesingi ili ikae katikati ya tundu. Nimemwona msimamizi akiamuru vipunguzwe ili bomba lishuke upesi. Aliokoa saa chache, akapongezwa. Nani atakuja kulipa? Atakayekiziba kisima kile. Ndiyo maana nasema, kisima huanza kuzibwa siku kinapochimbwa.

Sasa tutajuaje kama saruji imekaa, na hatuioni? Tunasikiliza. Tunashusha kifaa kwa waya, kinapiga sauti na kuipokea tena. Ni kama mtu anavyogonga mtungi kujua kama una maji: kesingi iliyoshikwa vizuri na saruji inatoa sauti iliyofifia, isiyoshikwa inalia. Kipimo hiki si Mungu, kinaweza kudanganya, na anayesoma mchoro wake lazima awe amekomaa. Lakini afadhali kipimo chenye walakini kuliko imani tupu. Kizuizi ambacho hakijapimwa si kizuizi. Semeni pamoja nami: kizuizi ambacho hakijapimwa si kizuizi!

Asante. Nawapeleka Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010. Mtambo wa Deepwater Horizon umemaliza kuchimba kisima cha Macondo, mahali ambapo bahari ina kina cha mita 1,500 hivi. Kisima kinafungwa kwa muda, ili baadaye uje mtambo mwingine ukiendeleze. Yaani ndugu zangu, uchimbaji ulikuwa umekwisha. Ile ilikuwa kazi ya kufunga! Kikosi cha kupima saruji kwa sauti kilikuwa kimeshafika mtamboni. Siku hiyohiyo kikarudishwa nchi kavu bila kushusha waya. Kikabaki kipimo kimoja kikubwa: kupunguza uzito juu ya saruji, kisha kutazama kama kuna kinachosukuma kutoka chini. Bomba la kuchimbia likasoma presha ya psi 1,400, kwa kipimo cha Wamarekani. Njia ya pembeni, iliyounganishwa na kisima hichohicho, ikasoma sifuri.

Kisima kimoja, geji mbili, majibu mawili. Mngefanya nini?

Kila ninapouliza swali hili darasani, wote wanajibu wangesimamisha kazi. Ni rahisi kujibu ukiwa umekaa kwenye kiti, hujachelewa ratiba, na hakuna mkubwa aliyesimama mgongoni kwako. Watu wale hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa na uzoefu kutuzidi wengi tuliomo humu. Walichofanya ni kutafuta maelezo ya kuifanya ile 1,400 isiwe na maana. Wakayapata. Maelezo hayakosekani ukiyatafuta. Wakaikubali ile sifuri, wakaendelea kutoa tope zito na kuweka maji ya bahari mahali pake. Kabla ya saa nne usiku gesi ilikuwa juu ya sitaha. Watu 11 walikufa. Kisima kilitapika kwa siku 87, na makadirio ya serikali ya Marekani ni kwamba mapipa milioni 4.9 yalitoka. Kilizibwa moja kwa moja mwezi Septemba, kwa saruji iliyopitishwa kwenye kisima kingine kilichochimbwa pembeni kukifuata kule chini.

Watu hupenda kuzungumzia ile mitambo ya kukata na kubana bomba iliyokuwa kwenye sakafu ya bahari, ambayo haikuweza kufunga. Ni kweli, ilishindwa. Ila ilikuwa ya mwisho kuulizwa. Saruji iliulizwa mapema, ikajibu, na jibu lake halikusikilizwa.

Tuje kwa ninyi wakaguzi. Najua kazi yenu haina sherehe. Mchimbaji akifika mafutani anapigiwa makofi. Mkaguzi akifika, watu wanaficha chai. Haidhuru.

Kisima kinachofanya kazi kina mabomba ndani ya mabomba, na kila nafasi kati ya bomba na bomba ina geji yake juu. Unafika, unakuta geji inasoma bar 20. Je, kisima kinavuja? Hujui bado. Mafuta ya moto yanapopanda ndani, maji yaliyofungiwa kwenye nafasi ile yanapashwa moto, yanatanuka, geji inapanda. Si kosa la mtu. Basi fungua vali taratibu, acha presha ishuke mpaka sifuri, kisha funga. Halafu kaa. Hapo ndipo wakaguzi wanapotofautiana. Mmoja anaona sifuri, anaandika sifuri, anapanda gari. Mwingine anavuta kiti, anasubiri, anarudi kesho yake. Ikikaa palepale, lilikuwa joto. Ikirudi kupanda, kuna kitu kinailisha, na hakitaacha kwa sababu wewe umeondoka. Kinachohitajika kwenye fomu yako ni kasi ya kurudi kwake, pamoja na kilichotoka ulipofungua: maji, mafuta au gesi. Namba moja peke yake haisemi lolote.

Na chuma nacho kinaoza. Mnaijua Aliso Canyon, pembezoni mwa Los Angeles? Kuna kisima pale kilichimbwa mwaka 1953 kwa ajili ya mafuta, na baada ya miaka 20 hivi kikageuzwa kuwa cha kuhifadhia gesi. Gesi ilipita ndani ya kesingi yenyewe, ikigusa ukuta wake moja kwa moja, kwa hiyo ukuta ule mmoja wa chuma ndio ulikuwa kizuizi. Vali ya usalama iliyokuwa chini iliondolewa 1979, haikurudishwa. Huku nje maji ya ardhini na bakteria wanakula chuma kidogo kidogo, mahali ambapo hapakuwa na saruji ya kukikinga. Tarehe 23 Oktoba 2015 uvujaji ukagunduliwa. Walijaribu mara kadhaa kukizima kwa kusukuma tope kutoka juu, wakashindwa. Ikabidi kuchimba kisima cha pembeni, na kikafungwa Februari 2016. Karibu tani 100,000 za methani zilikuwa zimekwenda hewani, na maelfu ya familia zilikuwa zimehama nyumba zao. Uchunguzi uliofuata ulikuta kesingi ya inchi 7 imepasuka kwenye kina cha mita 270 hivi.

Linaloniuma zaidi kwenye habari hiyo ni jambo ambalo magazeti hayakulipa nafasi. Kesingi za visima vingine vya uwanja uleule zilishawahi kuvuja kabla. Zilitengenezwa moja moja, kazi ikaendelea, na haikuundwa kazi ya kuchunguza kwa nini zinaoza. Mafundi wazuri, marekebisho mazuri, na swali halikuulizwa! Ninyi mtakapokuta tundu la pili kwenye uwanja mmoja, msiandike "limerekebishwa" mkafunga daftari.

Sasa kuziba kwenyewe. Kwa maneno, ni kazi rahisi. Unatoa vifaa vya ndani, unasafisha kisima, unaweka plagi, yaani kizibo, ya saruji mbele ya tabaka la mafuta au gesi, nyingine juu yake, nyingine ya kulinda maji matamu, na ya juu kabisa karibu na uso. Kanuni nyingi zinataka plagi isiyopungua mita 30; nyingine zinadai 50 au 100. Saruji ikishaganda unashusha bomba mpaka liguse kichwa cha plagi, unaiegemezea uzito. Ikikaa, imekaa. Ikididimia, unaanza upya. Mwisho unakata kesingi chini ya uso wa ardhi, unachomelea bamba lenye jina la kisima, unafukia.

Nimewahi kufika kwenye kisima ambacho kampuni moja, sitaitaja, ilikuwa imekimaliza hivyo. Fundi wa kuchomelea ameshawasha mashine, bamba liko chini ya mti, makaratasi yote yana sahihi. Nikaomba ndoo ya maji. Tukamimina kwenye ile nafasi kati ya kesingi ya ndani na ya nje, tukainama wote tukatazama. Mwanzoni kimya. Halafu kiputo kimoja kidogo kikapanda, kikapasuka. Baada ya muda, cha pili. Meneja akasema ni hewa iliyonaswa. Inawezekana, sikumbishia. Lakini hewa iliyonaswa inakwisha. Tulikaa pale mpaka jua likageuka, na viputo havikuisha.

Plagi za ndani zilikuwa nzima. Zilishaguswa, zikaegemezewa uzito, hazikutikisika. Gesi ilikuwa inapita nyuma ya kesingi, kupitia kichochoro kilichoachwa na wachimbaji wa miaka mingi nyuma, watu ambao hata majina yao hayamo kwenye faili. Plagi haina maana ikiziba ndani ya bomba tu. Lazima ifike ukuta kwa ukuta, mwamba kwa mwamba. Ikabidi plagi zitobolewe, kesingi isagwe kipande kirefu mpaka mwamba uonekane, na saruji iwekwe upya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye kazi yetu, ukuta huo unaujenga chini sana ardhini, gizani, kwa vifaa unavyoviendesha kutoka juu, na kwa pesa ambazo hazikuwekwa kwenye bajeti.

Na pesa ni za nani? Hapa nitasema jambo ambalo si la ufundi, na mwenyekiti atanivumilia. Kisima kikiwa kichanga kinamilikiwa na kampuni kubwa. Kikichoka kinauzwa kwa kampuni ndogo, nayo inakiuza kwa ndogo zaidi, na ya mwisho inafilisika. Anabaki nani? Serikali, yaani sisi walipa kodi. Edwin Drake alipata mafuta Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kwenye kina cha mita 21 tu. Kuanzia hapo visima vilichimbwa bila hesabu, na vilipokauka viliachwa wazi, au vikashindiliwa magogo na mawe. Leo mamlaka ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba nchi hiyo ina visima zaidi ya milioni 3 vilivyotelekezwa, na vingi havijazibwa. Mwaka 2021 nchi hiyo ilitenga dola bilioni 4.7 kwa ajili ya vile visivyo na mwenyewe, visima yatima. Kwa maoni yangu, dhamana ya kuziba inatakiwa iwekwe kabla keekee haijagusa ardhi, na iwe ya gharama halisi. Anayesema itawafukuza wawekezaji anieleze ni mwekezaji gani huyo anayekuja akiwa ameshapanga kuondoka bila kulipa.

Wale wanaotumwa kutafuta visima yatima wanatembea porini na vipimo vya sumaku, au wanavirusha kwa droni, wakitafuta chuma kilichofukiwa. Kisima ambacho kesingi yake iling'olewa ikauzwa chakavu, sumaku haikioni. Anabaki mtu na ramani ya zamani yenye alama ya mti, na mti ulishakatwa.

Kwa hiyo wahitimu, andikeni. Andika kisima kiko wapi kwa vipimo vya kweli. Andika kila plagi ilianzia kina gani na ikaishia kina gani, mifuko mingapi ya saruji iliingia, uligusa wapi, uliegemeza uzito gani. Andika saruji ya nyuma ya kesingi ilivyopimwa, na kama haikupimwa andika hivyohivyo, haikupimwa. Andika keekee iliyokatikia ndani na bomba lililokwama. Najua msimamizi atasema ukurasa ule unaichafua kampuni. Mficha uchi hazai. Atakayekuja na mtambo wake miaka 40 baadaye hatakuwa na namna ya kukuuliza. Atakuwa na faili lako tu.

Nimeona mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na jambo moja la visima vya baharini, jinsi kesingi inavyokatwa chini ya sakafu ya bahari, lakini hilo tutalizungumza kwenye maswali akipatikana wa kuliuliza. Naona mkono umeshainuka kule dirishani. Karibu, anza wewe.